Prof Aliyetuita kwa Harufu Zetu

Jina lake ninalijua vizuri, majina yote matatu, lakini humu siliandiki. Alinifundisha kemia miaka miwili, na katika miaka hiyo hakulitaja langu hata mara moja. Basi na tuwe sawa. Nitamwita Prof, kama alivyoitwa na Kalemie nzima, mji wetu wa ziwani: sisi wanafunzi wa biolojia na kemia, wazazi wetu, na hata wale wa pikipiki ambao walikuwa wakimwona kwa mbali wanageuza njia.

Hao wa pikipiki walikuwa na sababu. Prof akipanda nyuma yako, hakuweza kunyamaza. Alikuwa anainama kando, anatazama bomba la moshi, kisha anaanza. "Moshi yako ni mweusi. Unajua maana? Alkani yako haiungui ikaisha. Uchomaji haujatimia. Hata wewe haujatimia." Kijana wa watu anahangaika na mashimo ya barabara, na nyuma yake kuna mtu anamwambia kwamba hajatimia.

Alizaliwa wapi, sijui. Wengine walisema Kiambi, wengine walisema ng'ambo ya ziwa, na yeye hakuna aliyethubutu kumuuliza. Ninachokijua ni koti lake jeupe. Alilifua mwenyewe kila Jumamosi, akalianika kwenye waya mbele ya nyumba yake, akakaa kwenye kigoda kulilinda mpaka likauke. Mifuko ya koti ilikuwa mikubwa, imeshonwa mara ya pili kwa uzi mweusi, na ndani yake kulikuwa na chupa ndogo zilizowahi kuwa za dawa ya kikohozi, sasa zimejaa vitu vya kunusa. Hiyo ndiyo iliyokuwa maabara yetu. Shule ilikuwa na chumba kilichoandikwa Laboratoire mlangoni, lakini ndani mlikuwa na madawati yaliyovunjika na ngoma ya sikukuu, basi.

Somo lake lilienda hivi. Alikuita mbele, akakufunga macho kwa leso yake, akafungua chupa moja chini ya pua yako. "Kundi gani?" Hakutaka useme kitu chenyewe. Ukisema "ndizi iliyoiva" umekosa, ilikupasa kusema esta. Ukisema "siki" umekosa, sema asidi. Ukisema "lutuku", pombe ile kali inayochemshwa vijijini, umekosa, sema alkoholi. Molekuli, alisema, inaweza kuwa ndefu kama treni ya Kabalo, lakini sehemu inayofanya kazi ni ndogo tu, atomu mbili, tatu, zilizokaa mahali pamoja. Hiyo sehemu ndogo ndiyo kundi. Kilichobaki alikiita mkia.

"Usiniambie mukia," alikuwa anasema. "Mukia haina kazi. Niambie kundi."

Ukishindwa, hakukupiga. Sikumbuki hata siku moja Prof akimgusa mwanafunzi, na katika shule yetu hilo lilikuwa jambo la ajabu. Alikuambia, "Dirishani." Ulienda kusimama kwenye dirisha lisilo na kioo, uso wako kuelekea ziwa, mpaka jibu likujie. Likikujia katika dakika mbili, ulikaa. Lisipokujia, ulisimama somo zima, dakika hamsini, na mvua ya kutoka ziwani ikakupiga kifuani. Kesho yake uliingia darasani ukaenda moja kwa moja dirishani bila kuambiwa. Kuna msichana mmoja alisimama masomo matatu kwa sababu ya kuchanganya alkoholi na ketoni. Siku ya tatu alizimia. Prof alimmwagia maji, akangoja afungue macho, akamuuliza tena, "Kundi gani?"

Msichana akajibu, "Ketoni."

"Vizuri," alisema Prof. Neno lile alilitoa kwa shida, na sisi tulilitamani kuliko chakula. Leo nikilikumbuka ninaona aibu.

Mwezi wa kwanza alipotufahamu sura, alianza kutugawia makundi. Mvulana aliyekuwa hajibu lolote, mpole, anakaa nyuma, alimwita Alkani. Akatueleza kwamba alkani haichangamani na kitu, inafaa kuchomwa tu. Wasichana wawili waliosoma kitabu kimoja wakishikana mikono aliwaita Alkeni, kwa sababu ya kifungo maradufu, akawaahidi kwamba siku moja kitu kingine kitaingia katikati na kifungo kimoja kitakatika. Kiliingia, alikuwa mwalimu wa michezo, na Prof alifurahi kama mtu aliyeshinda. Yule aliyekuwa anajua jibu kisha analiharibu kwa haraka alikuwa Aldehidi, kwa kuwa aldehidi nayo haikawii kuharibika hewani. Binti ya mkubwa mmoja wa bandari, aliyejipaka manukato, alikuwa Esta.

Mimi nilikuwa Amine.

Nieleze. Mama yangu aliuza ndagala. Alizipokea asubuhi kutoka kwa wavuvi, akazianika mchangani, akazichagua kwa mikono siku nzima, na mimi nilimsaidia kabla ya kwenda shule. Samaki akishaondoka majini, kitu kinachotoa ile harufu yake ni amine. Hilo ni kweli kabisa na silibishi. Prof aliingia siku moja, akapita kati ya madawati, akasimama kwangu, akavuta pumzi.

"Wote mumesikia? Hii ni amine. Musisumbuke kuleta chupa, iko hapa kila siku, na haiishi."

Darasa lilicheka, na mimi nilicheka pamoja nao, kwa sababu ukicheka unaonekana kama hujaumia. Tangu siku hiyo niliitwa Amine uwanjani, njiani, hadi kanisani. Siku moja alikuja mkaguzi wa serikali kuangalia somo, mtu mzito mwenye miwani. Akasimama mbele akatuomba, kwa Kifaransa kizuri, tumpe mfano mmoja wa amine. Darasa zima, wanafunzi arobaini, likageuka likaninyooshea kidole. Hawakuwa wanatania, wenzangu maskini. Walikuwa wanajibu swali. Mkaguzi alinitazama, akatazama karatasi yake, akauliza kama mimi ndiye mkuu wa darasa. Prof hakucheka wala hakusahihisha. Alisema tu, "Wameelewa."

Na walikuwa wameelewa, hiyo ndiyo shida. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mwalimu mbovu. Asubuhi ningeamka mwepesi. Lakini katika egzame ya Leta, ile ya mwisho inayokupa diploma, shule zingine zililia na sisi tulipita wengi. Mpaka leo nikifumba macho ninaweza kuchora kila kundi, na mishale yote ya nani anamshambulia nani.

Nyumbani kwake alikula ndagala kila siku. Huyu aliyenifanya kicheko kwa ajili ya ndagala alizinunua kwa mama yangu, tena kwa mama yangu tu, kwa sababu alisema wengine wanaziacha zinyeshewe. Alikuwa anachukua moja, anainusa, anaivunja katikati, anaitikia kwa kichwa. Mama alimwekea zile nzuri pembeni, chini ya kitambaa. "Za Prof hizo," alikuwa akisema mtu akizigusa. Yeye alimwambia "Mama ya ndagala", basi, hakuongeza neno. Pombe hakuionja hata siku moja. Lutuku aliileta darasani katika chupa, akainusisha watu arobaini, akaimwaga yote nje ya dirisha, na walevi wa mtaa wakasikitika.

Sasa nifike kwenye lile somo.

Jioni moja alikuja kwenye meza ya Mama, akanunua zake, kisha akamwambia, "Mama, kesho kuja ku kalasi yangu, saa ine. Nahitaji mikono yako. Usinawe."

Mama alirudi nyumbani na uso mpya. "Prof ameniita," aliniambia. "Mimi. Anasema anahitaji mikono yangu."

"Juu ya nini?"

"Sijue. Labda wanatafuta mama wa kupika kwa sikukuu. Labda anataka kuonyesha watoto kazi ya mikono. Ameniambia nisinawe."

"Usiende, Mama."

"Unanionea haya?"

Nilimwonea haya, na nilijua. Kesho yake, saa nne kamili, mama yangu aliingia darasani kwetu amevaa kikwembe cha harusi yake, kile cha kijani, na kilemba kilichofungwa vizuri, na mikono imetoka moja kwa moja kwenye ndagala, magamba yanang'aa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameishika mbali na nguo ili asiichafue. Prof alimpa kiti chake mwenyewe. Sisi tulisimama. Mama alitazama huku na huku akanitafuta, akaniona, akatabasamu.

Prof alituita mstari kwa mstari. Kila mmoja alipita mbele ya Mama, akainama juu ya mikono yake, akanusa, akasema kwa sauti, "Amine." Mama alidhani wanamsalimu. Kila aliyeinama alimwambia, "Karibu, mutoto yangu." Watu arobaini, karibu arobaini. Wengine walibana pua kwa kuchekesha wenzao. Esta alifunika mdomo kwa leso.

Kisha Prof akatoa ndimu mfukoni, ndimu kubwa za Kirungu zinazokuja kwa boti ya Moba. Akazikata, akazikamulia juu ya mikono ya mama yangu, akaisugua yeye mwenyewe, kidole kwa kidole. Mikono ya mwanika ndagala ina michubuko mingi. Niliona Mama akibana macho. Hakuivuta.

"Amine pamoja na asidi," alisema Prof akiandika ubaoni, "inatoa chumvi. Chumvi hairuki hewani. Kama hairuki, haifike ku pua. Harufu haijafichwa, imekwisha. Mustari wa kwanza, rudi munuse."

Wakarudi. Mimi aliniacha wa mwisho.

"Na weye, Amine mudogo. Kuja unuse mukubwa."

Nilienda. Nikainama juu ya mikono ya mama yangu, nikanusa. Ilikuwa inanuka ndimu, na damu kidogo. Prof aliuliza, "Imekuwa nini?" Ningeweza kunyamaza nikaenda dirishani kwa hiari yangu. Nimefikiria jambo hilo maisha yangu yote. Lakini nilisema, "Chumvi."

"Vizuri."

Na nilifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, mbele ya mama yangu aliyekuwa analowa ndimu, nilifurahi kwa sababu Prof amesema vizuri. Ubaya wa Prof ninaweza kuusimulia bila kutetemeka, lakini furaha ile sijajisamehe.

Tulirudi nyumbani pamoja, Mama na mimi, kwa miguu, kupitia njia ya stesheni. Alikuwa ananusa vidole vyake kila baada ya hatua chache.

"Prof wenu ni muntu muzuri," alisema. "Umeona? Ameninawisha ye mwenyewe. Baba yako hajaninawisha hata siku moja."

Tangu siku hiyo kulikuwa na kitu kimoja tu nilichokitaka kutoka kwa Prof. Sikutaka alama wala sifa. Nilitaka aende kwenye meza ya mama yangu, amwite kwa jina lake, amwombe pardon. Mama asingeelewa anaombwa pardon ya nini, najua. Nilitaka hivyo hivyo.

Mwaka huohuo ziwa lilipanda. Maji yalikula barabara ya chini, yakaingia kwenye nyumba za ufukweni, na yetu ikiwamo. Tulitoka na masufuria na godoro moja. Kaye zangu zote, madaftari ya shule, zililowa, wino ukawa mawingu ya buluu, na egzame ilikuwa imebaki miezi miwili. Nilimwambia Mama kwamba nitaacha. Baada ya majuma matatu hivi Prof alinisimamisha mlangoni akanipa kaye nene. Alikuwa amenakili kozi nzima, kwa mkono wake, kila kundi, kila mshale, mistari imepigwa kwa rula, kwa ule mwandiko wake uliokaa kama umechapwa. Aliwafanyia hivyo wote waliofurikiwa, tulikuwa sita. Sijui alilala saa ngapi majuma yale. Nilitazama ganda la kaye, mahali pa jina, na pale alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: AMINE.

Nilipita kwa kaye hiyo. Ninayo bado.

Siku matokeo yalipotoka nilienda kwake. Koti lilikuwa kwenye waya, naye kwenye kigoda. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima.

"Prof, aksanti kwa kaye. Nina kitu kimoja ya kuomba. Mama yangu, ile siku ya ndimu. Muende mumuombe pardon."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakukasirika.

"Pardon ni ya kosa. Kosa iko wapi?"

"Mulimwita watu wamunuse."

"Na mumepita. Ile swali ya amine na asidi ilitoka ku egzame, ao haikutoka?"

"Ilitoka."

"Wangapi wameikosa?"

"Hakuna."

"Basi," alisema, akageuka kuangalia koti lake kama limekauka.

Mama aliendelea kunawa kwa ndimu mpaka mwisho. Kila jioni, akikunja turubai lake, alikata ndimu, akajisugua kidole kwa kidole, vilevile kama Prof alivyofanya. Alifundisha wauza ndagala wenzake wote, na akawaambia nani alimfundisha. Ngozi ya mikono yake ilikuwa nyembamba, inapasuka, na bado alinawa. Alipokufa mimi nilikuwa nimeshamaliza masomo ya uuguzi. Nilimwosha mwenyewe. Mikono ilikuwa inanuka ndimu. Prof hakuja msibani. Nilisikia kwamba alipita kwenye meza siku tatu baadaye, akaikuta tupu, akauliza, "Mama ya ndagala iko wapi?" Akaambiwa. Akaenda kununua kwa jirani.

Hapo ndipo ningemwacha, kama angebaki shuleni kwake na mimi kazini kwangu. Lakini mwaka huu alikuja.

Ninafanya kazi katika kituo kidogo cha afya, kwenye mtaa wa juu. Ilikuwa asubuhi, siku ya kupima watoto uzito, ukumbi umejaa akina mama. Kijana wa pikipiki aliingia amemshikilia mzee mmoja kwapani, akamtua kwenye benchi ya mlangoni. Alimwokota ameketi kando ya njia, anatapika. Mlinzi wetu aliinama, akanusa, akainuka.

"Ni mulevi," alisema. "Ananuka lutuku."

Muuguzi mwenzangu, msichana aliyeanza kazi juzi, hakuinuka hata kwenye meza. Aliandika katika rejista: saa mbili na dakika kumi, mzee, ulevi. Ulevi hautibiwi, unangojewa. Nilipita karibu nao nikiwa na mzani mkononi. Nikamwona. Koti halikuwapo, na mwili ulikuwa umebaki nusu. Alikuwa anapumua kwa nguvu, haraka, kama mtu aliyepanda mlima. Pumzi yake ilinifikia.

Haikuwa lutuku. Alkoholi inapanda juu puani na kuuma. Hii ilikuwa tamu, tamu mbaya, matunda yaliyopitiliza, maji yale ya kufutia rangi ya kucha. Ketoni. Mtu mwenye sukari nyingi katika damu, mwili ukishindwa kuitumia, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na pumzi inatoka hivyo. Pale pale mlangoni nilijua ana nini, anahitaji nini, na kwamba asipopata atakufa. Ni yeye aliyeifunga leso machoni pangu akanifundisha tofauti hiyo.

Alinitazama. Sijui kama alinitambua.

"Si pombe," alisema, kwa ulimi mkavu. "Mama muuguzi. Nusa muzuri."

Nilikuwa nimenusa vizuri kuliko mtu yeyote ndani ya kituo kile. Nikatazama saa ya ukutani. Nikaenda kupima watoto.

Sitatafuta udhuru. Watoto wale walikuwa wazima, wangeweza kungoja. Niliwapima mmoja mmoja, nikaandika, nikacheka na mama zao. Kila aliyeingia alimwona benchini. Baadhi yao walikuwa wazazi wa wanafunzi wake. "Prof na pombe, kumbe," walisema, na wengine walibana pua. Mtoto mmoja aliuliza mbona babu ananuka. Yeye aliinua kidole kila mara kueleza, na kila mara pumzi haikumtosha, na hakuna aliyengoja amalize. Nilisikia yote. Angeweza kufa, na mimi nilijua, na nilikuwa natazama saa.

Saa tatu kamili niliweka mzani chini. Nikamchoma kidole. Mashine ya sukari ilikataa kutoa namba, ilikuwa imezidi kipimo. Nikamfunga serumu, chupa ya maji ya mshipani, nikatuma pikipiki hospitali kubwa kuleta insulini, nikafuta neno ulevi katika rejista, nikaandika la kweli. Saa ya kufika sikuifuta, na saa ya serumu niliiandika kama ilivyokuwa.

"Umejua gisi gani?" mwenzangu aliniuliza.

"Nilifundishwa."

Alilala kwetu siku tatu. Kwenye karatasi ya kitanda, mahali pa jina, niliandika KETONI kwa herufi kubwa. Wenzangu walidhani ni jina la kwao, la upande fulani wa Manono. "Papa Ketoni, umekunywa maji? Papa Ketoni, lete mukono." Alitoa mkono. Siku ya kwanza aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akafumba macho.

Siku ya tatu aliomba aone rejista. Nilimletea. Aliisoma kwa kidole.

"Nilifika saa mbili na kumi," alisema. "Serumu, saa tatu."

"Ndiyo, Prof."

"Dakika makumi tano."

"Somo moja."

Kisha akauliza, "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu mulangoni."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, nilitamani kabisa. Alifunga rejista, akanirudishia.

"Vizuri," alisema. "Pua ni nzuri, Amine."

Niliificha rejista nyuma yangu. Alikuwa ananikumbuka. Na neno lile, baada ya miaka yote, lilinifurahisha tena, kidogo, pale pale, na nikamchukia kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Alipovaa viatu vyake kuondoka alikuja kwenye meza yangu. Alihitaji karatasi ya kituo, yenye jina na muhuri, ya kupeleka shuleni, kwa sababu habari ya lutuku ilikuwa imefika kwa préfet, mkuu wa shule, kabla yake. Bila karatasi ile wangemwondoa. Wanafunzi wake walikuwa wamebakiza majuma machache kufika egzame.

"Jina?" nilimuuliza.

"Unalijua."

"Silijue. Najua Prof. Najua Ketoni."

Akanitajia majina yake yote matatu, moja moja, mbele ya watu, akasimama kungoja niandike. Niliandika. Nikachukua muhuri, nikaushika.

"Ile mama alikaa ku kiti chako," nilisema. "Mwenye mulikamulia ndimu. Jina lake nani?"

Alifikiri. Niliona anatafuta kweli. "Amine na asidi," alisema. "Somo ile ilienda muzuri. Mama ya ndagala."

"Hiyo ni harufu. Nimeomba jina."

"Sikupata kulijua."

"Ulikula kwa mukono yake miaka kumi."

Nikamtajia jina la mama yangu, lote, mara moja tu na kwa haraka, kama yeye alivyokuwa anatutajia vitu. Nikamwambia arudie. Alipata la kwanza. La pili alilikosea.

"Dirishani, Prof."

Alinitazama kuona kama ninacheka. Akatazama karatasi chini ya kiganja changu. Kisha akachukua kimfuko chake, akavuta miguu hadi dirishani, akasimama, uso wake kuelekea ziwa. Kutoka pale mtu anaona mchanga wote wa chini, na wanawake wakianika ndagala. Wagonjwa walimpisha. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alijaribu akakosea, akajaribu tena akakosea, na mimi nilimwita mgonjwa mwingine, nikamhudumia, nikamwita mwingine. Mara ya nne alilipata lote, kwa sauti ndogo, akageuka.

Nilimwambia sikusikia. Nilimwambia aseme kwa nguvu, ukumbi wote usikie.

Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akasema: "Feza Kalunga Albertine."